Mufereji Siyo Mupaka

Bandugu ba kazi, muliniomba niandike kabla sijaacha kazi, na mwenye aliniomba zaidi ni ule mwenye hashikangi pelle ya kuchotea udongo mpaka mutu amutazame. Bon, naandika. Masomo niliiacha mwaka wa ine wa primaire, donc musitafute virgule hapa. Mais musimamishe batu bote ba Butembo juu ya mulima, mawingu ikishakuwa nyeusi, muulize: "Maji itapita wapi?" Mwenye atajibu bila kujikuna kichwa ni mumoja tu, na ni yeye anaandika hii.

Nimechoka. Sikuchoka vile mutu anachokaka jioni, akilala inapita. Nimechoka vile barabara inachokaka: kwa juu bado inaonekana nzuri, chini maji ilishakula kila kitu. Magoti imekataa mulima, na katika Butembo mutu mwenye goti inakataa mulima atafanya kazi wapi? Umri wangu bado. Kuna baume bananizidi na bangali banaoa. Mais udongo wenye nimebeba, bao hawakuubeba.

Habari ya kupanda cheo na mushahara sitaiweka. Cheo kilikuja kimechelewa, na mushahara munaujua, ni ule wenu.

Siku ya kwanza nilienda kubeba mawe. Balikuwa banajenga kaniveau, mufereji wa mawe, kando ya barabara yenye inashuka sokoni, na balitafuta batu ba mugongo, hapana ba kichwa. Mugongo nilikuwa nao. Kapita wetu, musimamizi wa kazi, alikuwa mwanamuke, Mama Kahindo, mulimaji wa poireaux, vitunguu vya majani, wa Masereka, mwenye baridi ya kule juu ilimufundisha kutembea haraka na kusema kwa ufupi. Asubuhi baume balinungunika: mwanamuke atatuamuru mawe? Kufika saa sita bote balikuwa banamuita Mama, na banamuomba ruhusa ya kwenda kukojoa.

Mchana mvula ikaanguka, ile yenye matone yake inaumiza masikio. Bote tukakimbia chini ya bâche, turubai yetu. Yeye alibaki inje, mufuko wa nailoni kichwani.

— Weye mulefu, kuya hapa!

— Mama, iko nanyesha.

— Ndiyo maana nakuita. Jua likiwaka utaona nini? Udongo. Udongo kila mutu anauonaka. Kuya uone maji.

Nikaenda, meno ikigongana. Akanionyesha maji nyekundu yenye ilikuwa inaruka juu ya mawe yetu mapya kama mawe yenyewe hayako.

— Ile inatoka wapi?

— Juu.

— Juu ni kwa Mungu. Nimeuliza inatoka kwa nani.

Akanipandisha mulima, paa kwa paa, kiwanja kwa kiwanja. Hii ni ya mabati ya yule muuza mafuta. Hii ni ya kiwanja ya shule, bameipiga simenti yote. Hii ni ya garage ya pikipiki, iko na mafuta, ndiyo maana inang'ara. Kila maji iko na mwenyewe, alisema, na mwenyewe hatakangi kuijua ikishatoka kwake. Tulirudi tumelowa mpaka ndani ya mifupa, na bale ba chini ya bâche banacheka. Acheni bacheke. Bale bote bameshaacha kazi, miye nilibaki.

Alikuwa na namna yake ingine yenye sijaiona kwa mutu mwengine. Kabla ya kuchimba fasi yoyote, mahali popote, alitembea na kifurushi cha maganda ya maharagi. Mvula ikianza kidogo tu, anatupa maganda chini, anasimama, anatazama. Ganda ni jepesi, halidanganyi: linaenda kwenye maji inataka, hapana kwenye chef anataka. Kwenye maganda yanakusanyika, pale maji itatulia. Kwenye yanakimbia, pale ravin, korongo lenye kukula mulima, itazaliwa. Nimetumia hii miaka yote. Batu balisema niko nafanya dawa ya uchawi.

Alirudi Masereka mugongo ulipomushinda. Alikufa kule wakati miye nilikuwa Beni, na sikufika kwa kilio. Hiyo nayo inachokesha.

Sasa chombo cha kupima usawa wa udongo. Mutaonyeshwa vyombo vya betri, vyenye vinapiga mwanga na kusema namba. Muvichukue, siwakatazi. Mais mujue tuyo ya maji. Ni mupira wa plastiki wenye kuonyesha ndani, murefu, mutu mumoja huku, mwengine kule. Maji ya ncha mbili inasimama usawa, kwa tajiri na kwa maskini, haina upendeleo. Tulitia chai ndani ili macho iione vizuri. Kosa lenye bagumu ba kichwa banafanyaka ni kuacha kipovu cha pumuzi ndani: kipovu kimoja, mustari wako wote ni uongo, na utaujua uongo wako mwezi wa kumi, mvula ikikomaa. Mufereji wa kukata mulima kwa upana usiulaze kabisa, maji italala na kuzaa mbu. Usiusimamishe, maji itaukula. Uinamishe kidogo tu, kama mutu mwenye anasikiliza. Udongo wa kuchimba utupwe upande wa chini, ufanye kifua, na juu ya kifua upande majani yenye mizizi mirefu, siku ileile, usingoje kesho.

Beni nilikaa miaka mingi. Butembo maji inakimbia kama mwizi. Beni inakaa kama mugeni mwenye hajui kuaga. Joto, udongo laini, mulima hakuna, na kila fasi maroli ya mbao na kakao yanasimama katikati ya barabara yenye tumemaliza kutengeneza. Kule nilijifunza kutafuta mwinamo fasi jicho halioni mwinamo. Siku moja tulikuwa tunachimba karibu na kambi ya baaskari, adjudant mumoja akaja mbio, bunduki mukononi.

— Papa, ozosala nini awa? akauliza kwa Lingala, eti nafanya nini pale.

— Mufereji, chef.

— Mufereji? Hii ni tranchée, shimo la vita! Unachimbia banani?

— Nachimbia mvula, chef.

Akatazama mbingu, akatazama shimo, akafikiri sana. Kisha akasema, kama ni hivyo, tuzungushe mpaka nyuma ya nyumba yake, kwa sababu watoto wake banalala ndani ya maji. Tukazungusha. Mukisikia mutu anasema serikali haipendi mifereji, mumuambie inaipenda, lakini ikiwa nyuma ya nyumba.

Vita ikazidi kule, kazi ikawa ya siku mbili, siku tatu hapana, na mwisho tukarudishwa Butembo. Nikakuta mulima umejaa. Batu bamekimbia vijiji vyao, bamepanda nyumba za mbao na mabati kwenye zamani ilikuwa mikalitusi tu. Sikuwalaumu. Mutu mwenye amekimbia hatatafuta udongo muzuri, atatafuta udongo wenye hauna mutu, na wenye hauna mutu ni ule wa kuanguka.

Hapo ndipo nilipewa mulima wenye sisi tuliuita wa Matofali, kwa sababu ya batu ba kuchoma matofali kule chini. Na hapo nikapewa Ingénieur Mukendi.

Mukendi ni mutu wa Kasaï, mutumishi wa serikali, viatu vinang'ara, Kiswahili yake inatembea kama mutu mwenye amebeba yai. Mipango yake ilikuwa miwili. Wa kwanza: kukata maji juu ya mulima kwa mifereji ya upana, kuipeleka kwenye ngazi ya mawe yenye itaishusha polepole. Wa pili: kule chini, kabla maji haijaingia kwenye muto, kuchimba bwawa lenye matete, maji ilale ndani, iache matope, iache mafuta ya garage, ndiyo itoke. Miye nilimuambia bwawa ni ya kufugia vyura.

— Papa, alisema, maji chafu ukiikimbiza, inafika chafu haraka. Ukiilaza, inafika safi.

— Na mbu?

— Mbu hapendi maji yenye inatembea. Fanya itembee polepole.

Nilifanya itembee polepole. Niliweka kizingiti cha mawe kwa kuingia na kingine kwa kutoka, nikageuza mudomo wa bwawa mara mbili, kitu chenye hakikuwa kwa mchoro wake. Leo bamama ba source, chemchemi ya pale chini, banateka maji yenye unaweza kuona jiwe ndani, hata kesho yake ya mvula. Wazo ilikuwa yake, sitamunyang'anya. Mais bwawa ni yangu.

Shida haikuwa bwawa. Shida ilikuwa mifereji ya juu. Na hapa nitaeleza kitu chenye mugeni haelewi, hata Mukendi ilimuchukua muda.

Kwetu hapa, mufereji ni mupaka. Baba akigawa parcelle, kiwanja chake, kwa batoto, anapanda mimea ya mupaka, na kandokando mutu anachimba mufereji mudogo. Mimea inakufa, baba anakufa, mufereji unabaki. Miaka ikipita, batoto banasema: mupaka ni mufereji, hata kipofu anaujua kwa mguu. Donc hakuna mutu wa Butembo atakubali mufereji upite katikati ya parcelle yake. Ukipita, nusu ya chini imepotea, hata kama si leo. Ndiyo maana tangu zamani mifereji yetu yote inashuka mulima wima, kufuata mipaka, na maji inashuka nayo kama ngombe yenye imeona nyumbani. Halafu tunashangaa ravin inatoka wapi. Tunaichimba sisi wenyewe, kwa mukono, kwa ajili ya amani ya jamaa.

Kwenye mulima wa Matofali, ravin moja ilikuwa inapanda. Kwa mwenye hajui: ravin inakula kwenda juu. Mwaka wa kwanza inameza kuku. Mwaka wa pili inameza choo. Ile ilikuwa imeshameza jiko ya Mama Kavira, mujane mwenye anauza bunga ya mihogo, na mudomo wake ulikuwa karibu na ukuta wa chumba chenye analala na batoto wake. Kuta za matofali mazuri, marehemu bwana yake Kakule aliyachoma mwenyewe. Akinyeshewa usiku, Mama Kavira aliamusha batoto, akaenda kusimama nao chini ya baraza ya jirani mpaka ipite. Jirani alichoka. Batoto balichoka. Hata yeye aliniambia: "Papa, siku moja nitashindwa kuamuka, na nitashukuru."

Maji yenye ilikuwa inamukula ilitoka juu yake, kwenye parcelle ya shemeki yake, Papa Kambale, muuza mbao, ndugu mukubwa wa marehemu. Baba yao aliwagawia: Kambale juu, Kakule chini. Nikapima na tuyo. Mustari ulipita ndani ya parcelle ya Kambale, mbali kidogo na mupaka, kwa sababu kwa mupaka wenyewe udongo ulikuwa umeshapasuka, ungeweza kutia ngumi. Nikapiga piquets, vijiti vya kuonyesha mustari. Kambale akatoka.

— Hii miti ni ya nani?

— Ya mufereji, Papa.

— Chimba kwa mupaka.

— Kwa mupaka udongo umepasuka. Nikichimba pale, mufereji na nyumba vitashuka pamoja.

— Donc unataka kukata parcelle yangu kama mukate.

— Itapita maji tu.

— Leo maji. Kesho batoto ba Kakule batasema: "Mupaka wa baba ni mufereji." Weye utakuwa wapi ile siku?

— Nitakuwa shahidi.

— Shahidi wa pelle!

Mama Kavira alikuwa chini, anasikia yote, anapepeta bunga yake. Akapaza sauti bila kuinua kichwa.

— Shemeki, miye sitaki udongo yako. Nataka kulala mvula ikinyesha.

— Leo unasema vile.

— Kesho sitasema kitu. Nitakuwa ndani ya ravin, mutanisikia wapi?

Musimufanye Kambale kuwa shetani. Shuleni alilipia batoto ba ndugu yake, na jiko ilipoanguka ni yeye alitoa mbao ya kujenga ingine. Mais alikuwa ameona jamaa ngapi zimekwisha tribunal kwa sababu ya mufereji wa upana wa jembe? Na miye nimeona. Mukendi alileta wazo la kuandika karatasi, bote batie sahihi. Kambale alicheka.

— Ingénieur, karatasi inasomwa na mwenye amesoma. Mufereji unasomwa na kila mutu.

Akasema kuna mutu mumoja tu anaweza kusema mupaka wa baba: Paluku, yaya yao, ni kusema ndugu mukubwa wa bote, muzaliwa wa kwanza. Munajua kwetu, jina Paluku ni la mutoto wa kwanza, na Paluku ni Paluku, hata kama ndugu ni tajiri kumushinda. Na Paluku alikuwa Mangina, mulimaji wa kakao: kule alijipatia udongo wake, hapa kwa baba hakuchukua. Tukamupigia simu, tukaweka sauti kubwa, bote tumezunguka: miye, Mukendi, Kambale, Mama Kavira.

— Yaya, Kambale akasema, toa tu neno, mufereji upite ao usipite.

Kisha sauti ya muzee:

— Udongo hausemwi kwa simu. Nitasema nikiwa nimeukanyaga.

Mvula kubwa ilikuwa karibu. Barabara haikuwa ya kutembea kwa furaha, na kila mutu alikuwa na sababu ya kutokwenda. Nikaenda miye. Sijisifu kwa hilo, ninasema tu nani alienda.

Sikumukuta Mangina. Alikuwa amekimbia, kama bengine, na alikuwa Beni, nyuma ya nyumba ya bakwe zake, anaishi na bibi yake kwenye baraza yenye bamezungushia bâche. Mutu mukubwa, mabega ya kubeba mifuko, ameketi kwenye kiti kidogo cha batoto. Kakao yake ilibaki kwa miti, tayari kuvunwa. Alivaa koti ndani ya lile joto, kama mutu mwenye yuko tayari kwenda bila kujua wapi.

— Nani amekutuma? Kambale?

— Mvula, Papa.

Akacheka kidogo. Tuliongea juu ya kakao, juu ya kifo cha Kakule, juu ya bei ya mbao. Kisha akauliza kitu chenye sikukitia maanani:

— Ile fasi ya kwetu kule juu, udongo wake bado mweusi?

— Bado mweusi, Papa.

Asubuhi tukapanda gari.

Kambale alichinja mbuzi. Hiyo ndiyo namna: ukishakula mbuzi ya mupaka, umekuwa shahidi mpaka kufa. Balikuja majirani, chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, bamama ba source, bidoni mbili za kasiksi, pombe ya ndizi. Paluku hakuketi. Alichukua panga, akatembea mupaka wa kweli kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila hatua chache alichomeka mumea mupya wa mupaka. Alitembea polepole, bote nyuma yake. Kisha akapanda mpaka kwa piquets zangu, akazifuata nazo. Akasimama.

— Mupaka wa baba yetu ni ule, wenye nimepanda sasa. Huu hapa ni njia ya maji. Mufereji siyo mupaka. Mwenye atasema mufereji ni mupaka, hii mbuzi imukwame kooni.

— Eeeh! batu bakajibu.

Kambale alipumua. Mama Kavira alijipangusa uso na kitenge. Miye nilikuwa nimeshashika pelle.

— Mungoje, Paluku akasema. Sijamaliza. Hii fasi katikati, toka mufereji mpaka mupaka. Kambale, unaifanyia nini?

— Hakuna kitu, Yaya. Majani tu.

— Bon. Nitajenga pale.

Kambale aliangalia chini. Kwa muzaliwa wa kwanza mwenye hana fasi, ndugu atasema hapana na mudomo gani? Mukendi alinivuta pembeni, Kiswahili imemukimbia yote, anasema Kifaransa tupu. Kwa mchoro wake, chini ya mufereji ilikuwa majani, hapana nyumba, hapana hata kibanda cha kuku. Na alikuwa na haki. Nikaenda kwa Paluku.

— Papa, chini ya mufereji hapana fasi ya kulala. Ukipasuka, utakuwa wa kwanza.

— Si weye unasema mifereji yako haipasukangi?

— Haipasukangi ikiangaliwa.

— Na huu, nani atauangalia?

Nilitazama batu. Kambale alitazama mbuzi. Chef wa avenue alitazama kikombe chake. Mama Kavira alitaka kusema miye, mais kila mutu alijua anatoka na bunga saa kumi na moja na anarudi giza. Bandugu, katika kazi yangu yote, mawe nimepata, simenti nimepata, hata gabions, zile nyavu za chuma za kujaza mawe, nimepata. Jibu ya lile swali sijaipata. Mifereji haifi kwa mvula. Inakufa kwa chupa za plastiki, kwa matope ya juma moja yenye hakuna mutu ametoa, kwa salongo, kazi ya bote ya siku ya posho, Jumamosi, yenye inaishia kwenye pombe. Nimejenga mingi. Nikipita leo naona majani yake tu.

— Nani atauangalia? akarudilia.

— Weye, nikasema. Ukilala chini yake.

Mukendi aliacha kuniongelesha mpaka tulipomaliza. Aliponiongelesha tena, alisema: "Ce n'est pas normal, Papa," eti hii siyo kawaida. Nikamujibu, normal ilipita hapa zamani sana, haikusimama.

Tulichimba. Nilipima mwenyewe na tuyo, mara tatu, kifua nilikifanya kinene kuliko kawaida, ngazi ya mawe niliisimamia jiwe kwa jiwe. Paluku alijenga nyumba ya mbao, ndugu yake alimupa, tena nzuri, hapana zile za kupinda. Bibi yake akatoka Beni na sufuria mbili. Halafu mvula ikaja, ile ya kweli, yenye inafunga mulima kama pazia. Nikaenda kuona. Maji ilikuwa imejaa mufereji karibu ya mudomo, nyekundu, inatembea, haikimbii, inageuka kwenye kona, inaingia kwenye ngazi, inashuka kwenye bwawa. Na Paluku ndani yake mpaka magotini, jembe mukononi, anatoa matawi, anatukana kila kiatu na kila chupa yenye inafika. Chini, dirisha ya Mama Kavira ilikuwa imefungwa. Batoto hawakuwa kwa baraza ya jirani. Nilingoja nione kama batatoka. Hawakutoka. Balikuwa banalala.

Mifereji ingine ya ule mulima, yenye tulichimba mwaka ule ule, na piquets zile zile, na mukono huu huu, miwili imeshajaa matope. Wa Paluku unang'ara kama sahani. Donc munielewe, miye mwenye najua maji kushinda batu bote: mukifika kwa mulima, mutafute kwanza mutu mwenye atalala vibaya mufereji ukiziba. Piquets baadaye. Hiyo haiko kwa mchoro, na Mukendi, mwenye sasa wamemuhamisha, aliniambia haitakuwa kwa mchoro hata siku moja. Tuliagana vizuri. Alinipa viatu vyake vya mvula, vinanibana.

Juma la mwisho la kazi nilipanda Matofali kuaga. Nilipumuzika mara nyingi njiani, sitasema ngapi. Bunga ya Mama Kavira ilikuwa imeanikwa kiwanjani, nyeupe, mpaka karibu na mudomo wa ravin, na kwenye mudomo majani yalikuwa yameshika. Paluku alikuwa ndani ya mufereji. Alinionaka toka mbali, mais salamu hakunipa.

— Weye! Hii kona uliinamisha vibaya! Matope inalala hapa kila juma!

Nilishuka ndani, goti linalia. Nikatazama kona. Nikatazama tena, kwa jicho langu lenye halijakosea. Kona haikuwa na kosa. Matope ilitoka juu, kwa jirani mwenye alikuwa anachimba choo kipya na kutupa udongo ovyo. Nilifungua mudomo nimuambie hivyo, na nimuambie pia ni nani anaongea naye.

Alikuwa ameegemea jembe, jasho kwenye paji, amekasirika kama mutu mwenye mufereji wake mwenyewe umemukosea.

— Leta ile pelle, nikasema.

Nikatoa udongo kidogo pale kwenye hapakuwa na haja, nikalainisha, nikainua kichwa.

— Uko na haki, Papa. Niliinamisha vibaya.